Tundu la Kumi na Moja

Fundi alikuwa akitia kola kwenye shati la sare ya shule kaka yake alipoingia na fomu mkononi. Alimjua kabla hajageuka. Kaka huyo hakuwahi kuingia mahali kimya kimya. Kwanza hukohoa, kisha hugonga kiatu kwenye kizingiti mara mbili kama mtu anayekung'uta tope, hata kama mvua haijanyesha miezi mitatu.

"Wenyewe mpo?"

"Tupo, Kaka. Karibu. Sogeza hayo mashati ukae, ila usiyakunje, yameshapigwa pasi."

Kaka aliyasogeza kwa ncha za vidole, akaketi kwenye kigoda, nacho kikalia chini yake. Alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili, muuza vipuri vya magari, mabega mapana, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Siku za kazi alinuka grisi. Siku za mapumziko alivaa kofia ya kitambaa kizito, akapanda gari na wenzake wawili, wakaenda kuwinda huko mbali wanakoruhusiwa kwa kibali. Wenzake hao walimwita Pembe, kwa sababu ya pembe za swala dume zilizotundikwa sebuleni kwake juu ya televisheni, na kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kumaliza kikombe cha chai pale bila kusimuliwa jinsi zilivyopatikana: alfajiri, upepo usoni, yeye na Baba wamelala kwenye nyasi, risasi moja ya begani, mnyama chini.

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja tu, lakini kila kitu kilijua mahali pake. Cherehani mbili, ya miguu na ya umeme. Meza ya kukatia yenye ukingo uliochanjwa alama za sentimita kwa wembe. Chupa za vifungo zimepangwa kwa rangi, na vyeupe peke yake vimejaza chupa nne, maana vyeupe, alisema mwenyewe, havifanani hata siku moja. Na ukutani, kati ya kioo na kalenda, karatasi yenye duara ndani ya duara, na vitundu kumi vilivyobanana karibu na katikati. Wateja wapya walidhani ni patani ya kitambaa cha meza. Wa zamani walijua kwamba Fundi, mjane wa miaka hamsini na minne mwenye miwani ya kamba, kila Jumamosi saa tatu hufunga duka akaenda uwanja wa shabaha.

Kwenye kona, karibu na dirisha ili apate mwanga, alikaa Shangazi yao. Alikuwa dada wa marehemu baba yao, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, na hicho kitu hakuna aliyethubutu kukiuliza. Kazi yake ilikuwa kufumua nyuzi za bandi, zile za kushikiza kitambaa kwa muda, nguo ikishashonwa. Shingoni alivaa kimkoba cha ngozi, na ndani ya kimkoba mlikuwa na ufunguo.

Ufunguo huo ndio uliomleta Kaka.

Baba yao alipofariki mwaka uliopita aliacha bunduki moja. Kitako chake cha mti kilikuwa kimeng'aa kwa shavu la mzee, na komeo lake lilikwenda laini kama droo iliyopakwa nta. Ofisi ya silaha ilikuwa imeagiza ikae ndani ya sanduku la chuma kwenye stoo ya chama cha shabaha, na ufunguo akabidhiwe mkubwa wa familia. Sasa barua ilikuwa imekuja. Lipelekwe jina moja la mrithi kabla ya mwisho wa mwezi, na mwenzake atie sahihi ya kukubali. Bila hivyo bunduki itachukuliwa kwenye ghala la serikali, na kinachoingia humo hakionekani tena.

"Nimeshaijaza," Kaka alisema, akaitandaza fomu juu ya meza ya kukatia. "Wewe weka sahihi hapa chini tu. Nimekutilia alama."

Fundi aliisoma yote, juu mpaka chini, pamoja na yale maandishi madogo. Kisha akaikunja mara mbili akamrudishia.

"Siweki."

"Unasemaje?"

"Sahihi siweki, Kaka. Bunduki ile nimeipiga kila Jumamosi miaka zaidi ya thelathini, Baba akiwa ameketi nyuma yangu. Wewe unayo yako."

Hilo lilikuwa kweli. Kaka alikuwa amenunua ya kwake zamani, ya tundu sawa na ile ya Baba ili wagawane risasi wakiwa porini.

"Yangu ni yangu. Ile ni ya Baba. Bunduki ya mwindaji iende kwa mwindaji. Unataka niwaambie watu nini? Bunduki ya mzee yule, aliyelisha nyumba nzima, leo inatoboa makaratasi kama mashine ya ofisini?" Akacheka mwenyewe. "Bi Karatasi! Karatasi haina damu. Haikusikii harufu. Haina masikio. Haikimbii. Umeshika nini hapo?"

Fundi alikata uzi kwa meno. Jina la Bi Karatasi alikuwa amelizoea kama mtu anavyozoea kokoto kwenye kiatu. Hutembea nalo, lakini halijawahi kuwa sehemu ya mguu.

"Wewe ukirudi mikono mitupu unasema wanyama wamehama," alisema. "Mimi nikikosa, nani kahama?"

Shangazi alicheka bila kuinua kichwa, nyuzi zikamtikisika mapajani.

"Shangazi, usimpe kichwa huyu," Kaka akasema. "Mdogo wangu, hebu nisikilize. Hujui kuwinda ni nini. Kuwinda siyo kufyatua. Kufyatua ni mwisho kabisa. Unaamka giza halijatoka. Unatembea saa nne, unasoma unyayo, unayapima mavi kama ni ya jana au ya leo. Upepo ukigeuka, kazi yote imekwisha, unaanza upya. Safari sita, labda unapiga risasi moja." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa muda mfupi uso wake ukawa uso wa kijana. "Ukimwona amesimama pale, hajui kama upo, moyo unakupiga mpaka kwenye meno."

"Najua," Fundi akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikwenda. Umesahau? Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Kaka hakuwa amesahau, maana ndiye aliyeieneza habari hiyo. Baba alimchukua binti yake siku moja tu. Wakamkuta swala jike pembeni ya kijito, mita themanini hivi, ametulia kama picha. Binti alilala, akamweka swala juu ya kile kichuma cha kulengea mbele ya mtutu, akavuta pumzi, akaitoa nusu, kidole kikawa tayari. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Na hapo akajua kwamba alichokitaka alikuwa amekwisha kukipata. Akakitoa kidole. Baba akamuuliza kwa kunong'ona, "Umemwona vizuri?" Akajibu, "Nimemwona." Baba akasema, "Basi twende." Jumamosi iliyofuata mzee alitundika kifuniko cha sufuria kwenye nguzo nyuma ya nyumba, akampa risasi tano, akakaa kwenye kigoda kutazama.

"Uliogopa damu," Kaka akasema.

"Nyama nakula, Kaka. Kuku nachinja mwenyewe. Na sijawahi kukwambia uache kuwinda, hata siku moja. Ila chako siyo changu. Kwa nini changu lazima kiwe chako kilichopungua?"

Kaka alisimama, akavuta kofia.

"Njoo porini Jumapili. Leta swala mmoja, mmoja tu, nami nafuta jina langu hapa. Nakuapia."

"Siendi."

"Unaona?"

"Siendi leo, siendi Jumapili, siendi mwakani. Siwezi kumuua mnyama ili wewe uniamini. Huyo swala kanikosea nini? Kama unataka kuniona nikipiga, njoo wewe uwanjani. Njia unaijua."

"Nyinyi watoto mmenichosha," Shangazi akasema. Aliwaita watoto, mmoja mwenye wajukuu watano na mwingine mwenye mvi mpaka kwenye nyusi. Akaweka gauni kando, akashika kimkoba chake kwa mkono mzima. "Mwaka mzima, yako, yangu, yako, yangu. Bunduki ikienda huko serikalini mtagombania sanduku tupu. Jumamosi twende wote. Sijawahi kuona huyu anakwenda kufanya nini huko. Mpige hizo karatasi risasi kumi kumi. Atakayeshindwa atie sahihi, na mimi nimpe ufunguo atakayeshinda. Na asiyetaka aseme sasa nijue pa kuutupa."

Fundi hakupenda. Bunduki ya Baba haikuwa kikombe cha mashindano. Lakini siku kumi ndizo zilizobaki, na hakuwa na njia nyingine ambayo si ya kwenda porini.

"Kumi kumi," akasema.

"Mimi natumia yangu, na darubini yake," Kaka akasema, akitabasamu.

"Tumia. Na mimi natumia ya Baba, haina darubini."

*

Uwanja wenyewe haukuwa kitu cha kumshangaza mtu. Ulikuwa kiwanja kirefu nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, chenye tuta la udongo mwishoni refu kuliko nyumba, fremu sita za mbao mbele ya tuta, na huku mwanzoni paa la bati lenye nguzo. Chini ya paa kulikuwa na mikeka sita ya turubai, kila mmoja na namba yake iliyopakwa rangi. Bendera nyekundu juu, maana yake watu wanapiga. Bendera chini, mtu anaweza kwenda mbele. Msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, suruali yake imepandishwa juu ya kitovu. Walimwita Firimbi kwa sababu alikuwa na firimbi mdomoni hata akinywa maji.

"Firimbi moja, mnapiga," alieleza, ingawa maelezo yenyewe yamebandikwa kwenye nguzo tatu. "Firimbi mbili, hata kama umekwisha kuvuta pumzi, unaacha. Komeo wazi, mikono mbali na bunduki. Risasi kumi, dakika ishirini. Mzee, namba tatu. Fundi, namba nne. Kila mtu na karatasi yake. Bibi, wewe kaa hapa nyuma, na uvae hivi masikioni."

"Sisikii hata bila hivyo," Shangazi akasema, lakini akavivaa, akaonekana kama rubani.

Wenzake Kaka walikuwa wamekuja wote wawili, fundi bomba na mwenye baa, wamevaa kofia zile zile za porini. Walisimama nyuma wakiwa wamekunja mikono.

Fundi alilala kwenye mkeka na bunduki ya Baba, ambayo Shangazi alikuwa amewafungulia sanduku lake stoo. Alifungua komeo, akatazama ndani ya mtutu, akafunga. Kando ya mkono wake wa kulia aliweka daftari dogo na penseli ya chaki ya kuchorea nguo. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndivyo Baba alivyomfundisha. Ukishapiga, usitazame. Kabla hujajua, andika risasi imekwenda wapi. Mkono unajua, bega linajua. Waulize hao kwanza, halafu ndipo ukaiulize karatasi. Hilo lilikuwa daftari lake la thelathini na moja. Kila ukurasa una duara lililochorwa kwa kifuniko cha chupa, na ndani yake vidoti kumi.

Firimbi ililia.

Aliweka shavu pale kwenye mti uliong'aa kwa shavu la mzee. Akavuta pumzi, akaitoa nusu. Kidole alikikaza polepole, vile anavyosogeza hariri chini ya sindano bila kuivuta. Bunduki ikampiga teke begani. Hakuinua uso. Alihesabu moja, mbili, ndipo akafikia penseli. Juu kidogo, kulia. Kidoti.

Ya pili. Ya tatu.

Upande wa namba tatu bunduki ya Kaka ilikuwa inanguruma haraka zaidi. Na kila akipiga, Kaka aliinuka juu ya viwiko, kichwa juu kabisa, akitazama mbele kwa macho yake mawili. Miaka arobaini alikuwa akifanya hivyo. Porini ukipiga lazima uinue kichwa, uone mnyama ameanguka au amekimbia, na kama amekimbia, upande gani.

"Mzee, lala chini," Firimbi akamwambia. "Karatasi haitaanguka."

Kaka alicheka, akalala, akapiga, akainuka tena.

Fundi alikuwa kwenye ya saba, pumzi imetoka nusu, mwenye baa aliposema kwa sauti ya kutosha kupenya vizibo vya masikio, "Bi Karatasi kasinzia!" Kidole kikavuta. Hakikukaza, kilivuta. Alijua kabla moshi haujatoka. Shavu liliwaka moto kama amepigwa kofi. Alilala pale akasubiri moyo ushuke, kisha akachukua penseli akaweka kidoti chini kabisa kushoto, na kando yake akaandika neno moja: nimevuta.

Tatu zilizobaki alizipiga polepole kuliko zote.

Firimbi mbili. Komeo wazi. Bendera ikashuka.

Walitembea wote kwenda mbele, Shangazi katikati akiwa ameshikwa mikono huku na huku, kama bibi harusi. Firimbi alianza na karatasi namba tatu. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia, akarudia tena.

"Tisa."

"Kumi," Kaka akasema. "Nimepiga kumi."

"Umepiga kumi, mzee, lakini hapa ni tisa. Tisa nzuri sana. Jumla alama themanini na moja." Akasogea namba nne. Akahesabu, akaitoa firimbi mdomoni, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona. "Na hapa ni kumi na moja."

Fundi bomba akainama kuhesabu mwenyewe.

"Haiwezekani," fundi bomba akasema.

"Inawezekana, tena nimeiona mara nyingi. Na karibu kila mara ni wawindaji, mnisamehe. Anainua kichwa kutazama, anarudi chini, darubini inamwonyesha karatasi moja tu, na hajui kwamba siyo yake." Alisema bila dhihaka, kama anayesahihisha hesabu ubaoni. "Kanuni ipo. Aliyepiga karatasi ya mwenzake, risasi hiyo ni sifuri. Aliyepigiwa, kama matundu hayatofautiki, anapewa kumi bora. Na haya hayatofautiki, bunduki zenu ni za tundu moja. Tunaacha baya kuliko yote, hili la chini kushoto, tano. Fundi ana themanini na nne."

"Themanini na nne kwa themanini na moja!" Shangazi akasema, akivua vile vizibo. Alikuwa amesikia hayo vizuri kabisa. Vidole vyake vikaanza kufungua kimkoba.

Shingo ya Kaka ilikuwa imevimba, na macho yake hayakutoka kwenye ile karatasi.

Fundi naye aliitazama. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, aliyokuwa amesahau kuivua. Hakuna aliyeliulizia. Firimbi alikuwa amesema kanuni, na kanuni haikuwa ya wizi. Ilikuwepo kabla yake, imebandikwa kwenye nguzo tatu. Ufunguo ulikuwa umeshatoka kwenye kimkoba, mdogo, wa shaba, na uzi mwekundu. Angenyoosha mkono tu.

Lakini kanuni ile ilikuwa ya pale ambapo hakuna anayejua. Na yeye alijua. Hata asingekuwa na daftari, bega lake lingejua.

"Siyo hivyo, Mwalimu," akasema.

Alilitoa daftari, akalifungua ukurasa wa leo, akaliweka kando ya karatasi. Kidoti kwa kidoti, tundu kwa tundu, alionyesha kwa kucha. Hili la kwanza. Hili la pili. Alipofika la saba alisoma kwa sauti lile neno aliloliandika. "Hii tano ni yangu. Niliivuta. Ambalo halimo kwenye daftari ni hili hapa." Kucha yake ikasimama katikati kabisa, kwenye tundu pekee lililokata nyota ndogo iliyochorwa kati ya duara. "Hii kumi si yangu. Ni ya Kaka. Ondoa kumi, rudisha tano. Nina sabini na tisa."

"Una wazimu?" Shangazi akauliza.

"Labda, Shangazi."

"Sabini na tisa!" mwenye baa akapiga makofi. "Pembe! Umeshinda!"

Fundi alimgeukia. Hakuwa ametokwa na chozi. Alikuwa na hasira nzuri, iliyonyooka.

"Unashangilia nini wewe? Unadhani nimeshindwa na karatasi? Nimekosa moja, nimeandika nimekosa. Wewe katika maisha yako yote ya kuwinda umewahi kuandika umekosa? Mara upepo, mara jua, mara mnyama kageuka." Akamgeukia kaka yake. "Leta fomu, natia sahihi. Nilisema kumi kumi, na neno langu nalishika. Lakini Jumamosi ijayo nitakuwa hapa, na ile ya baada yake, na bunduki ya kukodi ya chama. Na nisikusikie tena ukisema karatasi haina masikio. Leo imekusikia vizuri sana."

Kaka aliitoa fomu kwenye mfuko wa shati, imelowa jasho kwenye mikunjo. Fundi akaipokea, akaitandaza kwenye goti, akachukua kalamu ya Firimbi. Alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza mkono mkubwa ulipoifunika karatasi.

"Ngoja."

"Nini tena?"

"Una hakika kumi ndiyo yangu?"

"Nina hakika. Na ni risasi nzuri, Kaka. Ndiyo nzuri kuliko zote za leo. Ila uliipiga pasipo pako."

Kaka alikaa chini, pale pale kwenye udongo, mtu mzima na kofia yake. Alipoanza kusema alisema taratibu, na si kwa wenzake.

"Sikujua. Hata kidogo sikujua. Ningeapa mbele ya hakimu kwamba nilipiga ya kwangu." Akasugua uso. "Porini hapo angekuwa ng'ombe wa mtu. Au mtu."

Fundi bomba alikohoa, akatazama pembeni.

"Na zile pembe," Kaka akasema. "Asubuhi ile tulipiga pamoja, mimi na Baba. Mlio ulikuwa mmoja. Tulipofika tulikuta tundu moja. Baba akasema, 'Ni lako.' Sikumuuliza. Miaka thelathini nasimulia, na sijui kama nilimpiga mimi."

Firimbi aliirudisha firimbi mdomoni, akaitoa tena.

Kaka aliivuta fomu kutoka kwenye goti la dada yake, akachukua kalamu. Jina lake alilikata mstari mmoja, juu yake akaandika la dada yake kwa herufi kubwa za mtu anayeandika risiti, na pale alipokuwa ametia alama ya sahihi ya mwenzake akatia sahihi yake mwenyewe.

"Sitaki huruma yako," Fundi akasema.

"Nani amekuhurumia? Mimi nimelala pale nikapiga kitu nisichokijua, na bado nilidhani nimeshinda. Wewe ulikuwa umeshapewa ukarudisha. Baba aliketi nyuma yako miaka yote hiyo. Hakuwa anasinzia, mzee yule."

"Kwa kanuni umeshinda wewe. Themanini na moja."

"Kwa kanuni nimeshinda, na nilichokishinda nakifanya ninavyotaka. Utanizuia?"

Fundi alilifunga daftari, akalirudisha kwenye mfuko wa aproni.

"Mmemaliza?" Shangazi akauliza. "Jua hili ni la kukaushia mihogo, siyo la kukaushia wazee." Akamtilia Fundi ufunguo mkononi, akaukunja mkono huo kwa mikono yake miwili, akaukaza mpaka shaba ikaacha alama.

*

Fomu yenyewe ofisini walikataa, kwa sababu ya jina lililokatwa. Wakapewa mpya, wakaijaza tena wote wawili kwenye benchi la nje, na siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi ikapigwa muhuri.

Karatasi yenye matundu kumi na moja Fundi aliitundika dukani, pale kati ya kioo na kalenda. Ile ya zamani yenye vitundu vilivyobanana aliitoa. Wateja walishangaa, maana ile ilikuwa nzuri zaidi.

Kaka alipita wiki ile na suruali ya kupunguza kiuno. Alikohoa, akagonga kiatu mara mbili, akasogeza mashati kwa ncha za vidole. Kulikuwa na mama mmoja akipimwa gauni, akauliza hiyo karatasi ni ya nini.

"Shabaha," Kaka akasema, kifua mbele. "Hilo la katikati kabisa unaliona? Langu."

"Na hiyo tano ya chini ni yangu," Fundi akasema, pini zikiwa mdomoni.

"Jumapili tunaondoka alfajiri," Kaka akaendelea, akimtazama dada yake kwa jicho la pembeni. "Nafasi ipo kwenye gari. Huna haja ya kupiga. Kutembea tu."

"Siendi."

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu. Inua mikono, Kaka, nikupime hicho kiuno. Na ukija Jumamosi, kofia hiyo iache nyumbani, inamzuia Firimbi kuona kama umelala chini."